Miezi Kumi na Minne

Saa kumi alfajiri. Mashine ya kahawa, ghorofa ya sita,
imemeza sarafu zangu ikanyamaza kama mdaiwa.
Nje, Buffalo yote imefukiwa na theluji,
na mfukoni mwa koti jeupe nina barua
iliyokunjwa mara nne, imeanza kuchanika kwenye mikunjo:
kiti katika idara ya afya ya jiji,
kazi ya kuhesabu nyumba zenye rangi ya kale,
saa mbili hadi kumi na moja, Jumapili ni yangu.
Wanataka jibu Ijumaa, kabla ya adhuhuri.
Ijumaa ndiyo hii, nadhani.

Nimebakiza miezi kumi na minne niitwe bingwa wa watoto.

Mla ng'ombe hashindwi mkia, ndivyo wasemavyo.
Sawa. Ila mlaji hakuulizwa kama bado ana njaa,
wala hakuna anayetaja kwamba ng'ombe alikuwa wa mkopo:
dola laki mbili na arobaini elfu,
na riba inakua hata nikiwa nimelala,
hasa nikiwa nimelala.

Daktari Feldstein, bila kuinua macho kwenye majibu ya damu:
"Ukitoka, Halina, hurudi. Mlango huu hufunguka upande mmoja."
Anneliese, mwenzangu wa zamu, akila tambi baridi
kwa kijiti cha kukandamizia ulimi:
"Maliza. Cheti ni mwavuli. Nani huulaumu mwavuli siku ya jua?"

Mimi namkumbuka baba, na ngazi ya kushukia chumba cha chini.
Aliichonga mwenyewe, vidato kumi na kimoja,
akaacha viwili vya mwisho "hadi Jumamosi".
Miaka ishirini na miwili tumeruka.
Hakuna aliyevunjika mguu.
Hakuna, pia, aliyewahi kushuka na kapu la nguo
bila kulitaja jina la Zbigniew.

Kitanda cha tisa amelala Yadiel, miaka mitatu,
kalazwa mara ya tatu tangu kiangazi.
Damu yake ina risasi:
si ile inayolia na kuwaita polisi,
hii ni ya kimya, imo kwenye rangi ya dirisha,
huanguka magamba madogo ya buluu,
na ni tamu. Hilo nililisoma vitabuni
nikalipigia mstari kwa ajili ya mtihani.
Mara ya kwanza niliinasa kwa dawa, kiwango kikashuka,
nikampigia Yadiel makofi, nikamrudisha nyumbani.
Nilimrudisha dirishani.
Mara ya pili vilevile.
Jana bibi yake, Iraida, alikunjua leso
akanionyesha gamba alilolikuta ndani ya soksi ya mtoto,
limefichwa kama peremende.
Hakusema kitu. Alilikunja tena, akalitia mkobani,
kama mtu anayetunza risiti.

Sasa nani ataniambia ipi ni kazi na ipi ni kuitoroka?
Kuna usiku naamini nikibaki hapa
nitakuwa mtu wa kudeki sakafu huku bomba linavuja.
Kuna usiku mwingine, kama huu, mnamo saa nane,
mshipa wa mkono wake umejificha, wauguzi wawili wameukosa,
nami nikaupata kwa kidole, kwa kupapasa tu, taa imezimwa,
naye hakuamka.
Kidole hiki kikahesabu nyumba?

Nimeigeuza barua, naandika nyuma yake.
Sentensi ya kwanza ni anwani ya lile dirisha,
pamoja na ghorofa, na jina la mwenye nyumba.
Anzieni hapo, nije nisije.
Sentensi ya pili inaanza na "Kuhusu mimi,"
na hapo wino umekata;
kalamu ni zawadi ya kampuni ya dawa.
Naitikisa.