Roho, Barabara ya Kumi na Tano

Kuku ndio waliokuwa wenyewe.
Nilipofungua mlango wa nyuma, mtetea mmoja
akanitazama kama karani wa ardhi
anavyomtazama mtu asiye na hati.
Mayai sita kwenye kiti cha abiria.
Kutu imekula sakafu hadi mchanga wa uani waonekana,
na mama, dirishani:
"Usiliuze kwa kilo. Lina jina."

Reno Roho, la mwaka sabini na nne.
Gia yake imechomoza kwenye dashibodi
kama mkono wa mwavuli.
Alilinunua kwa mshahara wa ukunga, kidogo kidogo,
kwa Mgiriki wa mkonge aliyekuwa akifunga virago.
Makorora, Mabawa, Duga, usiku wa manane,
taa mbili za mviringo zikikata kona,
na watu ndani: anakuja, chemsheni maji.

Kisha sukari. Kisha kidonda cha kidole
kilichokataa kukauka. Kisha Bombo,
wodi alizozifagilia macho miaka thelathini na moja;
akalazwa yeye, akatoka
bila mguu wa kushoto, chini ya goti.
Na mguu wa kushoto, kama hujui, ndio klachi.

Mimi nafundisha hesabu. Spana sikuizoea.
Jumamosi baada ya Jumamosi nilikwangua,
nikapiga msasa, nikapiga chafya nyekundu.
Nati zimeganda kama ugomvi wa mirathi:
nyingine zililegea kwa mafuta ya taa,
nyingine kwa matusi tu.
Sakafu nilikata kwenye pipa,
viti nikavijaza singa za mkonge,
kabureta nikaichemsha kwenye sufuria la pilau,
na hilo sijamwambia mpaka leo.

Halafu nikapima. Tairi la mbele hadi la nyuma,
kulia, kisha kushoto. Nikapima tena.
Kushoto kufupi, karibu sentimita tano.
"Liligongwa hili," nikamwambia Fundi Shekiondo,
"limepinda. Tumepoteza miezi saba."
Alicheka mpaka akakaa juu ya tairi.
"Limezaliwa hivyo, mwalimu. Kiwandani.
Ukoo wao wote una upande mfupi.
Umewahi kuliona likichechemea?"

Mama alikuwa kibarazani, anapepeta mchele,
gongo limelazwa ubavuni.
Hakuinua uso.
Ungo ukasita, kisha ukaendelea.

Akaja Bwana Kaniki, mstaafu wa reli,
mtu wa saa za ukutani na redio za balbu,
kutuonya tusiguse kitu:
"Gari la kale thamani yake ni asili yake."
Mama akamjibu, vidole vikichagua chuya:
"Asili yangu mimi ilikuwa miguu miwili, Kaniki.
Nikae niingoje?"

Basi tukatoboa.
Mkono wa klachi wa pikipiki, tulioupata kwa kijana wa bodaboda
kwa shilingi elfu nane na kuku mmoja
(yule mtetea, Mungu anisamehe),
tukaufunga kwenye gia ya mwavuli,
waya ukateremka kwenda kulivuta lile pedali pweke.
Ulikuwa mzito, vidole vyake havikuuweza.
Nikachukua chaki, nikaandika ukutani
somo la kidato cha pili: nguvu mara umbali.
Tukarefusha wenzo. Tukarefusha tena.
Mara ya nne ukakubali.

Jumapili, kabla ya jua kukaza.
Likazima. Likazima. Likazima mbele ya duka la mkaa.
La nne likaenda, tukapita mitaa minne kimya,
mpaka akasimama mbele ya geti la bluu.
"Humu," akasema, "alitanguliza miguu.
Saa tano nzima nikimbembeleza.
Sasa ana duka la simu."
Akafikiri kidogo.
"Shuka."
"Mama?"
"Shuka, nimekuambia. Mkunga haendi na mwalimu."

Nikabaki barabarani na kitambaa cha grisi mkononi,
nikisikiliza:
ya pili ikaingia kwa kusaga,
ya tatu
bila.