Fundi

Kwao Ngazija, fundi ni mwalimu,
mtu wa nahau na falaki,
anayepishwa njiani hata na wakubwa zake.
Kwetu Lindi, fundi ni mtu wa bisibisi.
Hakuna aliyemwambia haya Toihiri wa Msaidie
siku aliyoshuka na kasha la vitabu,
akapanga chumba Ndoro, nyuma ya ghala la ufuta,
na mwenye nyumba alipomuuliza jina akajibu:
"Fundi Toihiri."

Kesho yake alfajiri mlangoni pana redio mbili,
pasi ya mkaa iliyong'oka mpini,
na mama yangu, mimba ya miezi saba,
na cherehani ya miguu juu ya mkokoteni.
(Mle tumboni ni mimi. Nasema kwa kusimuliwa.)

Angeweza kucheka. Angeweza kusema, mmekosea nyumba.
Mama anasema alinyamaza
kama aliyeulizwa masuala mbele ya waliomsomesha,
kisha akavua kofia:
"Ilianza lini kuugua?"

Siku tatu cherehani ilikuwa vipande juu ya meza
na yeye kaiinamia, kalamu sikioni,
akikiandikia kila chuma jina, kwa herufi za Kiarabu,
nyuma ya stakabadhi za korosho.
Kisichokuwa na jina alikipa la mtu wa kwao.
Gurudumu kubwa likawa Fundi Mlahaili,
aliyehesabu miandamo kwa punje za mahindi,
akabishana na kadhi juu ya siku ya Idi,
na mwezi ukaja upande wake.
Sindano ikawa Bibi Echati wa Domoni,
aliyesomesha wanaume kutoka nyuma ya pazia;
aliyejaribu kumkosoa sarufi
alijibiwa kwa swali moja tu, akarudi kuanza alifu.
Na springi, Kombo Mdahoma,
aliyezaliwa chini ya Kartala, akafa akisema
mlima wa moto haukasiriki, unafikiri.

"Neno litafutie mzizi," alimwambia mama,
"chuma kitafutie kinachokisukuma.
Elimu ni ileile, ila hii ina grisi."

Ndoro wakanong'ona: msomi gani huyu, kucha nyeusi?
Na kwao wakamwandikia barua ndefu, yenye aya na hadithi,
kwamba ameshusha daraja la waliomtangulia.
Aliisoma mara mbili, akaisifu hati yake,
akaikata gasketi ya jiko la mafuta.

Jioni ya tatu cherehani ikashona.
Ikashona kanga, ikashona turubai,
na mezani ikabaki skrubu moja.
Akaigeuzageuza. Akaandika:

    Kilichobaki mezani
    sijajua ni cha nini
    nakiweka kitabuni
    atakuja wa kujua.

Mama aliishonea sare za shule nzima cherehani ile
miaka ishirini na saba,
na haikuidai skrubu yake hata siku moja.

Fundi alipofariki, vitabu alichukua mpwa wake,
vingine walikwisha kuchukua mchwa.
Mama alipewa stakabadhi zile na ile skrubu,
kwa kuwa hakuna mrithi mwingine aliyezitaka.

Leo natengeneza simu, kibandani, jirani na stendi.
Mteja akiniuliza, kijana, umesomea wapi?
namwambia: kwa mama,
naye kwa Toihiri, naye kwa Kombo,
naye kwa Echati, kupitia pazia,
naye kwa mtu wa punje za mahindi.
Hudhani namtania. Huuliza bei.

Skrubu ninayo, ndani ya kopo la maziwa.
Nimeijaribu kwenye kila kitu chenye tundu.
Jana binti yangu kaniomba aitazame kidogo.
Nimempa.
Hajairudisha.