Bahari ya Lita Mia na Themanini

Siku ya tatu, na ukuta wa nyuma sijauona.
Nimepiga magoti mbele ya kioo, tochi mkononi;
mwanga unaingia nusu shubiri
kisha unazama katika weupe,
weupe wa maji yaliyooshewa mchele.

Hapa ni Oruro. Bahari iko chini yetu
mita elfu tatu na mia saba, tena ng'ambo ya mpaka.
Pwani tulikuwa nayo zamani, ikaenda vitani haikurudi.
Kila Machi watoto wa shule huandamana kuidai;
nami nilipiga tarumbeta miaka minne,
midomo imeganda kwenye shaba,
wala kisigino changu hakijaonja wimbi.

Ndiyo maana nikauza cherehani ya pili,
ile ya kushonea nguo za mashetani wa kanivali,
nikanunua tangi la daktari wa meno aliyefunga kliniki.

Eustaquio, kaka yangu, alileta gunia kutoka Uyuni.
"Chumvi ni chumvi," akasema.
Si kweli. Chumvi ya jangwani inajua kukausha nyama,
kumlea samaki haijui. Gunia lile tunalila mpaka leo.
Yangu nilinunua kwa ndoo, bei naona haya kuitaja,
nikaikoroga kwa mwiko mpya hadi bega likalia,
nikapima: sawa. Nikapima tena: sawa.
Asubuhi, tui.

Nani mkosaji?
Nilianza na mchanga. Niliusuuza mara mbili tu,
maana bomba la uani mwezi wa Julai linauma vidole,
na nilijiambia vumbi litatua lenyewe,
kama watu wanavyotulia msibani.
Yhoselin, binti wa marehemu dada, akapiga simu toka Cochabamba:
"Shangazi, chota glasi moja. Iweke dirishani, usiitikise.
Kukicha, vumbi litakuwa limelala chini.
Weupe usipolala, basi ni kitu hai."

Kukicha, chini palikuwa na unga kiduchu,
wa kujaza ukucha. Juu yake weupe ule ule,
umesimama wima, haujui usiku.

"Shangazi, uliweka kamba wangapi?"

Nikanyamaza. Kijitabu kilisema mmoja,
aoze taratibu, vijidudu vipate chakula vizaliane.
Mmoja! Nyumbani kwetu mgeni hapakuliwi kijiko kimoja.
Niliweka watano, wa barafu, wa sokoni,
waliopanda milima kwa lori
kutoka pwani ile ile tunayoidai.

Nikawatoa kwa koleo la keki.
Walinuka kama deni la zamani.

"Sasa elekeza pampu juu, uso wa maji uchafuke;
vijidudu vinamaliza hewa, na huko kwenu
hata binadamu anaipata kwa kuhema.
Kisha usiguse. Usibadilishe maji, usimwage dawa."
Usiguse!
Mikono hii ikikosea mshono inaufumua,
inashona upya kabla chai haijapoa.
Hapa nifumue nini? Nishike uzi upi?

Siku ya tano.
Ya sita nikashona shanga mia tatu kwenye pembe za shetani,
nimeupa ukungu kisogo, kwa hasira.
Ya nane siikumbuki.

Ya tisa, alfajiri, sikuwa natafuta kitu; nilikuwa nawasha jiko.
Kupitia maji nikaona msumari
ukutani, ule wa kalenda ya mama.
Umepinda kidogo kushoto. Miaka yote sikujua umepinda.

Kipimo cha amonia bado kijani; njano haijafika.
Samaki hakuna, wala wiki ijayo hakuna.
Eustaquio kaingia na mkate, kanikuta sakafuni:
"Unaangalia nini humo? Mna nini?"
"Msumari," nikamwambia. "Njoo uuone."