Kimo cha Mbuzi

Mali bila daftari hupotea bila habari,
wahenga walisema, nami niliamini,
mimi Karsan, karani wa ardhi hapa Khengarvandh,
nchi ya Kachi, ambako mvua huja kama mdaiwa:
huchelewa, hutoa kidogo, hutoroka.
Madaftari niliyatunza kama mboni ya jicho.
Mchwa wakija, nafukiza mwarobaini.

Kiwanja namba mia mbili kumi na nne,
ekari mia tatu na ushei,
kiliandikwa kabla babu yangu hajaota meno,
kwa wino uliokwisha kugeuka rangi ya chai:
MALISHO. YA WOTE.
Chini ya maneno hayo nyati wa maziwa walishiba,
nami nikanyweshwa maziwa yao kwa kisahani
na Puriben, mjane, mwenye kundi,
aliyemwita kila nyati kwa jina lake
na mimi akaniita "wewe wa kalamu".

Kisha ikaja barua kutoka mjini.
Haikusema tunanyang'anya.
Barua za serikali hazina meno, zina mihuri.
Ilisema: kubadili daraja la ardhi.
Nikacheka peke yangu ofisini. Daraja!
Daraja watu huvuka. Hili alivuka nani?
Puriben alibaki ng'ambo hii,
nyasi zikabaki ng'ambo ile.

Daraja jipya: NYIKA ISIYO NA FAIDA.
Ushahidi, picha moja, iliyopigwa Mei,
mwezi ambao hata paji la uso wangu
ni nyika isiyo na faida.
Hawakurudi Agosti kupiga nyingine,
nyasi zikimfika ndama kifuani.

Matumizi yanayoruhusiwa: vioo vya kunasa jua,
uzio, barabara ya malori, kibanda cha mlinzi.
Matumizi mengineyo:
hapo pameachwa wazi,
nukta mbili zikinitazama kama macho ya ndama.

Sheria ilitaka tangazo, siku thelathini,
mwenye pingamizi alilete.
Nikapewa karatasi, gundi, na agizo la mdomo:
bandika, ila usilipigie ngoma.
Mlango wa ofisi una nafasi tele juu, usawa wa macho ya watu.
Nikainama.
Nikalibandika chini, kimo cha mbuzi.

Siku ya tatu mbuzi wa Velji mfinyanzi akalila lote,
muhuri, saini, na gundi ya unga wa ngano.
Kijiji kizima, yeye tu ndiye aliyelimaliza.
Siku ya thelathini na moja nikaandika:
hakuna pingamizi.
Hii ilikuwa na daftari, wahenga wangu.
Ilipotelea humo humo.

Sasa pana mng'aro. Sisemi ni ubaya mtupu:
taa yangu haizimiki, feni inazunguka,
jua letu linasafiri kwa waya hadi miji nisiyoijua.
Lakini jioni nyati hurudi kwa njia yao ya zamani,
kwato hazisomi gazeti la serikali.
Husimama penye uzio
wakiwatazama nyati wengine ndani ya vioo,
waliokonda vilevile,
wasiotoka kuja kuwalaki.

Juzi Puriben alikuja kuomba nakala.
Hajui kusoma. Akaweka kidole juu ya ukurasa:
neno letu liko wapi?
Nikamwonyesha, lile lililokatwa kwa mstari mwekundu.
Akalipapasa taratibu, kama atafutaye kupe.
"Mstari mwembamba hivi?"
Nilijitayarisha kutukanwa.
Akanimiminia maziwa, mepesi, karibu rangi ya maji,
akaomba radhi kwa wepesi wake.
Nikanywa. Kwa kisahani.

Alama ya gundi bado iko mlangoni, pale chini.
Sijaisugua.
Atakaye kuiona sharti ainame.