Gango la Bwana Emrys

Miaka sita, kila usiku saa tatu,
Nesta alimfunga mumewe gango la plastiki,
mikanda mitatu, toka kiganjani hadi kifundoni,
ili vidole vilivyokunjwa na kiharusi vikunjuke.
Mimi ndiye niliyelikata.
Mimi ndiye niliyesema: msikose hata usiku mmoja.
Niliambiwa hivyo na mwalimu wangu,
naye aliambiwa na wake,
na mazoea ni kama sheria,
wala hakuna aliyeuliza nani aliitia saini.

Kisha majira yale ya mvua ya Blaenau,
mvua isiyonyesha wala isiyokoma,
mimi na Tomos tulikaa jikoni kwangu
na tafiti elfu moja mia nne na kumi na mbili,
tukazipepeta.
Kila mtu peke yake, bila kuchungulia ya mwenzake.
Hii haina wa kulinganishwa nao: nje.
Hii wagonjwa wanne, nadhani wote binamu wa mtafiti: nje.
Hii niliipenda. Ilisema ninayoyaamini.
Tomos akaigeuza: gango halikutolewa kwa kura,
wagonjwa walichaguliwa kwa macho.
Tuligombana hadi chai ikapoa,
tukampigia Angharad atuamue.
Nje.

Zikabaki kumi na moja,
kutoka miji isiyojuana,
na zote, kwa sauti ndogo, zikasema neno moja:
havikunjuki.

Mwalimu hakudanganya.
Alimwona mmoja aliyepona, akamkumbuka.
Wasiopona hawakurudi kumwambia.

Jumanne nilipanda kilima hadi kwao.
Emrys, aliyepasua jiwe la machimbo
likawa jembamba kama ukurasa,
alinisikiliza, akacheka kwa upande mmoja wa uso:
"Basi, leo nitalala."
Nesta hakucheka.
Alikuwa bado ameishika ile mikanda.
"Na mimi, Heledd, saa tatu nifanye nini?"

Katika zile kumi na moja
hakuna aliyelipima hilo.

Nikamwonyesha namna ya kuushika mkono
bila kitu katikati.
Gango nikalitia mfukoni mwa koti.
Njiani nikasimama niandike swali lake
pembeni mwa daftari, kwa mapitio yajayo;
kalamu ikagoma kwa mvua.
Nikaenda nikilirudia kwa sauti,
nisije nikalisahau.