Kumi kwa Kumi

Katika daftari langu, lenye madoa ya grisi ya kreni,
hakuna bia iliyowahi kupita tisa.
Ile ya Shimanzi: povu zuri,
ila lilikatika upesi kama ahadi ya bosi.
Saba.
Ile ya harusi ya Nyevu, baridi hadi meno yakalia:
nane, maana baridi huficha mengi.
Tisa niliitoa mara moja, ule mwezi mshahara ulipochelewa,
na kesho yake nikaipunguza nusu.

Halafu Changamwe, stima imepotea,
friji limenyamaza tangu adhuhuri.
Mwanzele, ambaye daktari kamkataza,
akanunua chupa moja, akaisukuma kwangu.
"Kunywa wewe. Mimi nisimulie."

Nikanywa polepole,
kama anayemsomea mwenzake barua.
Uchungu, nikamwambia, unaanzia pembeni mwa ulimi.
Kuna mkate ulioungua kidogo. Kuna shaba.
Mwisho wake mkavu, kama koo baada ya kucheka.
Akafumba macho, akameza mate.

"Ngapi?"
"Kumi."
"Mwongo. Ya moto hiyo."

Lakini kalamu alikuwa nayo yeye,
akaandika.