Athari Nne na ya Kukopa

Huku maji ya falaji hupimwa kwa athari:
nusu saa, zaidi kidogo, pungufu kidogo,
kutegemea nyota na anayeitazama.
Babu Zahrani alikuwa na athari nne kila siku ya nane,
na ya tano ya kukopa kwa Bi Ghudayna, mjane wa jirani,
aliyoilipa kwa kole la khalasi na maneno matamu.

Kitambulisho chake kilisema tarehe mosi Januari,
kama vya wazee wote wa kijiji,
utadhani mama zao walipeana zamu siku ile.
Mwenyewe alisema: nilizaliwa mwaka wa nzige.
Wao walikula mavuno, sisi tukawala wao,
ngoma droo.

Alivuka kijana, akachuma karafuu Pemba
miaka ishirini na kitu. Kisha akarudi
na sanduku la bati, mke, watoto watatu,
na Kiswahili ambacho hakukitua mpaka kaburini.
Wakamwita Zinjibari. Akaitika.
Mitende aliyopanda ukingoni mwa bonde akaipa majina:
Mtambwe, Kojani, Ole, Konde,
na mmoja mfupi, mkaidi, usiozaa mpaka utukanwe,
akauita Shemeji.

Mwezi wa pili, makarara ya dume yanapopasuka
na shamba zima linanuka unga mbichi,
alipanda na kamba kiunoni, nyayo zikikwaruza magamba,
akachomeka vishada vya dume kwenye maua ya jike
huku akinong'ona. Nilimuuliza nini.
"Nabisha hodi," alisema. "Mtu haingii tu."
Alikuwa na miaka themanini na mitano wakati huo.
Tukaificha kamba.
Akasuka nyingine.

Shofikul alikuja kutoka Bangladeshi kufanya kibarua,
hajui neno la Kiarabu,
na Babu hakuona haja ya kumsumbua nalo.
Basi yuko Mbengali mmoja Sharkiya
asemaye "hebu ningojee, yakhe"
kama mtu aliyekulia Wete.

Hakuwa malaika.
Kwa ajili ya mndimu mmoja uliosimama mpakani
hakusema na nduguye Muhenna miaka kumi na moja.
Mndimu wenyewe aliumwagilia pande zote mbili.

Alikufa mwisho wa Agosti, tende zimeshaanikwa,
kama mtu aliyefunga daftari kwanza.
Tulimzika alasiri, jua kali, udongo mgumu,
Shofikul akachimba kuliko wajukuu wote.
Wageni walikuja mpaka kutoka Maskati,
kahawa ikamwagwa, ikapikwa, ikamwagwa,
na hakuna kati yetu, wasomi wenye magari,
aliyekumbuka kuwa usiku ule ulikuwa zamu yake.

Saa nane nikasikia maji.

Nikatoka na taa ya simu.
Kwenye mlango wa falaji, tope mpaka magotini,
alipiga magoti Muhenna, mzee wa miaka tisini,
amekumbatia tambara la kuzibia,
lile la kanzu ya Babu iliyochakaa.
Shofikul yuko mbele na jembe, anapasua matuta,
maji yanamfuata kama ng'ombe wanaomjua.
Juu ya ukuta amekaa Bi Ghudayna,
kidevu kimeelekea Kilimia.

Nikasema, wazee wangu, usiku umekwenda,
mfungie wengine, kapumzikeni.
Muhenna hakugeuka.
Bi Ghudayna akanijibu kwa Kiswahili chake,
nacho cha kukopa, alichokopa kwa nani sihitaji kusema:

"Bado, mwanangu. Athari yake haijesha."

Nikavua viatu vyangu vya mjini.
Maji yalikuwa baridi kuliko nilivyokumbuka.
Yakapita Mtambwe, yakapita Kojani na Ole,
yakazunguka Konde, yakamfikia Shemeji,
naye akasimama pale, mfupi, kimya, anangoja.
Shofikul akaniangalia.
Ilibidi mtu amtukane.
Nikamtukana.